Filister Alikataa Kuanza Upya

Mdomo wa Filister ulikuwa umemtia matatani mara nyingi kabla ya siku ile ulipomwokoa. Pale Kisegi, kwenye soko la samaki huko Suba, hakukuwa na mwenye boti ambaye hakuwahi kugombana naye. Omena, wale dagaa wa ziwani, aliinunua kwa kopo lake mwenyewe, na aliyejaribu kumpimia kwa kopo lililobonyezwa kitako aliondoka ameaibika mbele ya soko zima. Mumewe Joash, mshonaji wa nyavu na mtu mpole kupita kiasi, alipenda kusema kwamba alioa redio isiyo na kifungo cha kuzimia. Filister mwenyewe alicheka akisikia hivyo, maana ndani ya nyumba yao walipendana.

Alikuwa mke wa Joash wa kwanza na wa pekee. Nyumba yake ya bati ilitazama lango la boma, mahali pa mikayi, yaani mke mkubwa. Uwanja wa kuanikia omena ufukweni ulikuwa jasho lake, kila jiwe alilibeba kichwani. Alikuwa na binti mmoja wa miaka tisa, Marion, na kwa sababu hiyo watu walimwita Min Marion, mama yake Marion. Hayo matatu, nyumba, uwanja na jina, ndiyo yaliyokuwa maisha yake, na alipokuwa nayo hakuyawazia hata siku moja.

Novemba 1997, mvua za El Nino zilipoanza kula barabara, alipakia magunia manne ya omena kwenye boti la injini lililokuwa likienda Karungu. Kutoka huko angepanda lori hadi Isebania, mji wa mpakani na Tanzania, ambako omena ilikuwa na wanunuzi. Njiani boti lilisimama kwenye ghuba ndogo ya ziwa kuchukua makaa, na nahodha akaamuru makaa yarundikwe juu ya magunia yake.

"Hiyo ni omena, si kokoto!" Filister akapayuka.

"Mama, kama hutaki, shuka na takataka zako."

Basi akashuka. Alishusha magunia yote manne akitukana, na kwa hasira akasahau leso yake mle botini. Wachoma makaa ambao hawakumjua kwa jina walimsaidia kubeba mzigo hadi barabarani.

Boti lile halikufika Karungu. Mawimbi yalilipindua alasiri hiyo hiyo, na watu wanane wakafa, na hilo halina mzaha. Kisegi walikuwa wamehesabu tisa, kwa kuwa walimwona Filister akipanda na waliomwona akishuka hawakurudi kusimulia. Ziwa lilirudisha miili minane. Kwa wa tisa lilirudisha leso tu.

Yeye hakujua lolote. Alifika Isebania baada ya siku tatu, akiwa juu ya lori lililokwama topeni zaidi ya lilivyotembea. Omena ilikuwa imelowa na kuoza, na mwili wake ulikuwa ukitetemeka kwa malaria. Aliyemwokota alikuwa Truphena, mwanamke wa Kikuria mwenye sauti nzito, ambaye asubuhi alibadilisha pesa kando ya barabara na mchana alifungua banda lake la gemu. Truphena alimlaza, akamnunulia dawa, na alipopona akampa kazi ya kulinda banda mpaka njia zifunguke. Filister aliandika barua mbili nyumbani na kuzikabidhi kwa madereva wa malori. Madaraja yalikuwa yamesombwa, simu Kisegi haikuwepo, na barua zile mpaka leo hakuna ajuaye ziliishia mfuko gani.

Banda lenyewe lilikuwa la mabati, lenye televisheni moja ndogo, jenereta iliyokohoa nyuma, na mashine ya gemu iliyovushwa kutoka Sirare, ng'ambo ya mpaka. Wateja walikuwa madereva wa malori waliosubiri makaratasi ya forodha, utingo wao, na vijana wa kubadilisha pesa. Kazi ya Filister ilikuwa kupokea shilingi na kuweka kaseti. Kaseti iliyopendwa kuliko zote ilikuwa na kijitu chekundu chenye upanga ambacho wote walikiita Chuma. Chuma aliruka mashimo, akakata madubwana, akakusanya silaha. Filister mwanzoni aliona ni upuuzi wa watu wazima wasio na kazi. Baada ya wiki mbili alikuwa akiwapigia kelele waruke mapema.

Januari Truphena alileta kaseti ya pili, mwendelezo wa ile ya kwanza, na siku hiyo nusura banda livunjwe. Dereva mmoja, Maroa, alikuwa ametumia siku nne za kusubiri mizigo kumaliza kaseti ya kwanza. Alikaa mbele ya televisheni kama bwana harusi. Ya pili ilipoanza, Chuma alitokea na silaha zake zote, akatembea hatua tano, akapigwa radi akafa. Kisha bibi kizee mwenye taa akamfufua. Chuma akainuka mikono mitupu, ana kijikaptura tu.

"Maze, hii ni wizi!" Maroa alisimama. "Mimi nimetafuta panga saba. Saba! Na ngao, na kile kiatu ya kuruka. Sasa huyu jamaa anauawa kabla hata sijashika kitu. Afe, sawa. Lakini kama mnamfufua, si mumfufue na vitu zake?"

"Akirudi na vitu zake wewe utacheza nini?" Truphena alikuwa mlangoni akihesabu noti za Tanzania. "Utamaliza kwa siku moja."

"Basi wamnyang'anye tu. Kwa nini wamuue?"

Truphena akafunga noti kwa mpira. "Sikia, Maroa. Mtu akiwa hai, ukimnyang'anya panga yake atapiga kelele. Hata wewe ungerudisha hiyo kaseti dukani. Lakini ukimuua kwanza, halafu umfufue, nani atauliza mambo ya panga? Kila mtu anasema asante Mungu, amerudi. Hiyo ndiyo dawa yao. Wanamuua ndio washukuriwe."

"Kwani kushukuru ni vibaya?" Filister akauliza.

"Ni vizuri sana. Ndiyo maana kunauzika."

Banda zima likacheka. Maroa naye akacheka, akatoa shilingi nyingine, akaanza kutafuta panga ya kwanza. Filister aliona Truphena amesema neno la kuchekesha, basi, akaenda kuongeza petroli kwenye jenereta.

Machi barabara zikaanza kupitika. Asubuhi moja mwanamke aliyebeba karai la sabuni alichungulia bandani kutazama televisheni, akamwona Filister, akaachia karai likaanguka kwa kishindo.

"Yawa! Jachien!" akapiga ukunga. Kwa Kijaluo alikuwa ameita mzuka.

Alikuwa Milka, jirani yake wa Kisegi, wamepakana ua.

"Mzuka ni wewe," Filister akamjibu. "Kikaango changu ulichoazima wakati wa Krismasi ya mwaka juzi kiko wapi? Mzuka angejua hiyo?"

Milka alisimama mbali, akatazama kama miguu ya huyu mtu inagusa chini. Kisha akaketi palepale kwenye vumbi akalia, na akaeleza yote akiwa hapo hapo chini. Alieleza boti. Akataja wanane mmoja mmoja kwa majina, na Filister akashika kichwa, kwani wawili kati yao walikuwa wenzake wa kuanika omena. Aliwalilia bila kujizuia mpaka Truphena akaja kufunga mlango wa banda.

Kisha Milka akafika kwenye leso. Mwili ulipokosekana, wazee walifanya inavyofanywa kwa aliyemezwa na ziwa. Waliangua yago, lile tunda refu na zito la porini linaloning'inia kama soseji, wakalilaza mahali pa maiti na kulizika. Walilia siku tatu, kama anavyoliliwa mwanamke. Mwalimu wa kanisa aliomba kwa kuzungukazunguka, asije akalitaja tunda kwa jina la mtu.

"Na mlilivika nini?" Filister akauliza.

"Gauni lako la buluu."

"Lile la kanisani?"

"Ndilo lilikuwa zuri."

Filister aliruka kwa hasira. Ilikuwa nafuu kukasirikia gauni. Lakini Milka alikuwa bado hajamaliza. Februari, kaka mkubwa wa Joash, Fanuel, ambaye ndiye msemaji wa boma, alileta msichana kutoka Sindo, Dorine, amtunze Marion na kumpikia Joash kama mke. Alipewa nyumba ya Filister. Uwanja wa kuanikia omena aliushika mke wa Fanuel. Filister aliinama akaokota sabuni za Milka moja moja, akazirudisha karaini bila tusi hata moja. Waliomjua wangejua kwamba hapo ndipo alipoumia.

Milka alitangulia nyumbani kupeleka habari, mtu asije akaanguka kwa mshtuko. Siku ya tatu Filister mwenyewe akafuata. Alishuka Kisegi saa nne asubuhi, akapita sokoni, na wenye boti wote waliowahi kumkimbia kwa maneno sasa walimkimbia kwa miguu.

Langoni kwa Joash gogo lilikuwa limelazwa kufunga njia. Ndani, wazee watano walikaa kwenye viti, Fanuel katikati. Wanawake walijaa ukutani. Joash alisimama peke yake, amekonda, nywele alizonyoa kwa msiba zimeanza kuota. Alipomwona mkewe alilia kwa sauti kama mtoto, akapiga hatua, na Fanuel akamshika mkono.

"Usimguse. Hakuna mtu kumgusa kabla ya manyasi."

Manyasi ni dawa ya majani ambayo watu hunywa na kunyunyiziwa kuondoa mkosi. Filister aliijua, hakuwa na neno nayo. Macho yake yalikuwa kwa Marion, aliyekuwa amebanwa mbele ya Dorine, mabega yake yameshikwa kwa mikono miwili. Marion alikuwa amerefuka. Alimtazama mama yake kama anayeangalia kitu kilichokatazwa.

"Tunafurahi, nyar Karungu," Fanuel akaanza, akimwita kwa kwao alikozaliwa. Alikuwa na sauti ya upole, na aliijua. "Nani hafurahi? Mungu amefanya jambo kubwa. Lakini wewe mwenyewe unajua, tulikulilia. Tulinyoa. Filister tulimzika hapa nyuma ya nyumba, na aliyezikwa hapiti langoni. Kwa hivyo wazee wameketi, wametafuta njia nzuri. Tutatoboa ua upande wa ghala, utapita hapo. Utakunywa manyasi. Tutakupa jina lingine. Utakuja kama bibi anayeolewa sasa, wa pili kwa Joash. Tutakujengea kibanda pale pembeni."

"Na nyumba yangu?"

"Ile ni ya Dorine. Ameshawasha moto ndani."

"Na uwanja wa omena?"

"Polepole. Utaanza tu, na Mungu atakubariki tena. Si muhimu uko hai?"

Wanawake wakaitikia. Kubali, Min Marion, kubali, shukuru Mungu, wengine wanane hawakurudi. Mmoja akaanza wimbo wa kanisa. Joash, machozi yakimtiririka, alikuwa akitikisa kichwa cha ndiyo, ndiyo, maana alitaka awe naye ndani ya ua kwa njia yoyote, hata kwa tundu.

Na ukweli usemwe, Filister alikaribia kukubali.  Aliwaza wale wenzake wawili, akaona aibu kudai bati na mawe ilhali yeye anapumua. Alitaka kumnusa mwanawe kichwani, basi. Neno la kukubali lilishafika mdomoni. Akafungua mdomo kusema asante.

Hilo asante ndilo lililomzuia. Aliliona jinsi lilivyo, na akamwona Fanuel anavyolingojea, ametulia kitini na mikono tumboni. Alimkumbuka Truphena mlangoni na noti zake, na moyo wake uliokuwa umelainika ukawaka.

"Shemeji," alisema. "Kama ningekuwa hapa mwezi wa Novemba, ukaja kuniambia toka nyumbani kwako, acha uwanja wako, anza nyuma ya msichana wa Sindo, ningekufanya nini?"

 Mzee mmoja aliguna, kwani kila mtu alijua angemfanya nini.

"Usingethubutu. Kwa hivyo mkaniua kwanza, halafu mnanifufua, ndio nipige magoti niseme asante. Mimi sikufa. Hakuna siku nilikufa. Nilikuwa Isebania naumwa. Sianzi upya mimi, naendelea nilipoachia."

Akaliruka gogo la langoni.

Wanawake walipiga yowe na kutawanyika. Fanuel aliinuka akanyoosha mkono kumzuia, kisha mkono ukabaki hewani, kwa kuwa alikuwa ametangaza mwenyewe, mbele ya watu wote, kwamba hakuna mtu kumgusa. Filister aliuona mkono ule na akaelewa. Akatembea moja kwa moja kumwelekea, na mzee mzima akarudi nyuma akijikwaa kwenye kiti chake. Aliwapita wazee wanne waliobaki, kila mmoja akikunja miguu. Dakika chache nyuma hakuwa na mtu wa kumtetea pale, na sasa boma zima lilimpisha kama gari la serikali.

Alichukua jembe lililoegemea ghala, akazunguka nyuma ya nyumba.

Kaburi lilikuwa na msalaba wa mbao wenye jina lake. Aling'oa msalaba akaulaza kando, kwa adabu, kwa sababu ya msalaba wenyewe. Kisha akafunga leso kiunoni na kuanza kuchimba. Watu walikusanyika mbali wakishika midomo. Kuchimbua kaburi ni jambo ambalo halijawahi kuonekana katika boma lile, na wazee walipiga kelele kwamba analeta laana.

"Laana mlileta nyinyi, kuzika mtu mzima!" akawajibu bila kuinua kichwa.

Hakuchimba sana. Waliozika walikuwa wamenyeshewa, na nani angetoa jasho la futi sita kwa ajili ya tunda? Kwenye futi mbili jembe likagonga mkeka. Akaufungua kwa mikono. Yago lilikuwa jeusi na limekunjamana, na gauni la buluu limelowa udongo, kola ya kamba za lesi aliyoishona kwa vidole vyake imegeuka kahawia. Alilia alipoiona. Alilia kwa sauti, mbele yao wote, kwa miezi minne ya mwanawe aliyelala akiamini mama yake yuko humu. Kisha akalibeba tunda mikononi kama mtoto mchanga, akazunguka nyumba, akalilaza miguuni pa Fanuel.

"Huyu ndiye aliyezikwa," alisema. "Huyu ndiye mlimlilia siku tatu. Kama mnataka bibi wa pili wa kupita tunduni, mwoeni huyu. Amevaa vizuri."

 Halafu Milka, kutoka nyuma ya wanawake, akapasuka kicheko. Alijaribu kukizuia kwa leso na kikatokea puani. Mwingine akafuata. Mzee aliyeguna mwanzoni alifuta macho, akamwambia Fanuel kwamba yeye hakumbuki mila yoyote ya kumshusha mikayi kwa sababu ya tunda, na kwamba kama kuna wa kunywa manyasi leo, ni waliochimba shimo lile. Fanuel akasema watakunywa wote. Filister akasema vizuri, na yeye atakunywa pia, lakini atainywea mlangoni kwake.

Marion ndiye aliyevunja katazo. Alijichopoa mikononi mwa Dorine, akakimbia, akamgonga mama yake tumboni kwa kichwa, na Filister akamshika kwa mikono yenye udongo. Hakuna aliyesema neno juu ya kugusana. Joash naye akaja, akawakumbatia wote wawili, na hakuwa na la kusema zaidi ya jina la mkewe, lile lile la zamani.

Dorine alikuwa amebaki peke yake karibu na mlango. Alikuwa na miaka ishirini kama si pungufu, na hakuna aliyemuuliza chochote siku aliyoletwa wala siku hii. Aliingia ndani, akatoka na sanduku lake la bati, akasimama nalo asijue aelekee wapi.

"Mama," akasema kwa sauti ndogo, "sasa mimi niende?"

Filister aligeuka kumtazama. Hasira ilikuwepo, hakuificha. Lakini aliona pia kwamba nywele za Marion zilikuwa zimesukwa vizuri, na kwamba kucha zake zilikuwa safi.

"Ukitaka kwenda kwenu, Joash atakupeleka kesho kwa heshima. Ukitaka kukaa, kibanda cha pembeni kitajengwa kama walivyosema," alijibu. "Ila wewe ndiye mpya."

Kisha akaingia kwa mlango wa mbele, akainama jikoni, akaanza kuhesabu sufuria zake kuona kama zimo zote.